Unasoma Nini Sasa? Namna ya Kupendekeza Kitabu Mpaka Mtu Akakisoma

Watu wengi husubiri wamalize kitabu ndipo wakitaje. Wanafika ukurasa wa mwisho, wanakifunga, kisha wanatangaza: "Jamani, nimesoma kitabu kizuri mno, kitafuteni." Wenzao wanaitikia, wanaahidi, na habari inaishia hapo. Mimi ni mratibu wa kikundi cha wasomaji, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kukaa na kusikiliza watu wakieleza wanachosoma. Nimeona vitabu vilivyosifiwa kwa maneno matamu visiguswe na mtu, na vingine vilivyotajwa kwa sentensi moja ya kusitasita vikagombaniwa. Ndiyo maana nina msimamo ambao nautetea kila nipatapo nafasi: wakati mzuri kuliko wote wa kumwambia mtu habari za kitabu ni ule ambao bado uko katikati yake. Hamu yako bado mbichi, maswali yako ni ya kweli, na huwezi kummalizia mwenzio uhondo kwa sababu mwisho wenyewe huujui.

Haya ninayoyaeleza hapa yanamfaa mwenye kikundi, na yanamfaa pia anayetaka tu kumwambia dada yake au mfanyakazi mwenzake: kitabu hiki, kijaribu.

Taja ulipofika

Anza na mambo matatu tu: jina la kitabu, jina la mwandishi, na ukurasa uliofikia. Hilo la tatu ndilo watu hulidharau, nalo ndilo lenye kazi. Mtu akisema "niko ukurasa wa 40 kati ya 300 na bado najikongoja," tayari umepata habari mbili: kitabu ni kirefu, na mwanzo wake una mlima. Akisema "nilikianza juzi na nimebakiza kurasa 20," umepata habari ya aina nyingine kabisa, hata kabla hajaeleza kinahusu nini.

Katika kikundi chetu yumo mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Zamu yake ilipofika siku moja alisema: "Niko ukurasa wa 112. Tangu jana sijakigusa, kwa sababu naogopa kitakachompata yule mama." Akanyamaza. Hakuwa amesema ni mama gani wala amefanya nini, lakini watu walikwisha kuanza kuuliza jina la kitabu na kulinakili. Angekuwa amekimaliza, asingeweza kusema sentensi ile. Angetueleza yaliyompata mama, tungesikitika pamoja naye, na kitabu kingebaki kwake.

Kusema ulipofika kuna faida nyingine: kunampa mwenzio nafasi ya kukufikia. Akikianza kesho, mnaweza kwenda pamoja, yeye akiuliza na wewe ukijibu mpaka pale ulipo. Kwa hiyo usione haya kutaja kitabu ambacho hujui kitaishaje. Sema tu ukweli: "Mpaka hapa nilipo, kinanivuta," au "Mpaka hapa kimenichosha, lakini lugha yake sijapata kuona." Ukishamaliza, rudi useme kama maoni yako yamebadilika. Kama sura za mwisho zimelegea, waambie waliokianza kwamba zimelegea, bila kueleza zina nini.

Usisimulie hadithi

Kosa kubwa katika kupendekeza kitabu ni kugeuka mhadithiaji. Mtu anaanza na "kulikuwa na bwana mmoja," na dakika kumi baadaye bwana ameoa, amefungwa, ametoka, amelipiza. Msikilizaji ameshiba. Akakitafute cha nini?

Kanuni ninayoifuata ni kutotaja tukio lolote lililo nje ya robo ya kwanza ya kitabu. Mtu yupi, yuko wapi, ana shida gani, basi. Sentensi mbili zinatosha, na zikikosekana sentensi mbili nzuri, afadhali moja.

Chukua *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ungeweza kueleza safari zote za wajumbe sita, nani alikwenda upande gani na alirudi na nini, ukamaliza kitabu kizima mdomoni, maana ni kifupi. Mimi husema hivi: "Kuna nchi inayoelea angani, na mtu wa huko anaitwa Karama ameshtakiwa kwa sababu alitaka kufundisha elimu ya sheria. Sasa anasimama mbele ya wakubwa kujitetea." Hapo naacha. Mtu mwenye kupenda mabishano ya haki atauliza alijitetea vipi, na swali hilo ndilo linalomfungulia kitabu. Asiyeuliza, huenda hakikumfaa, na wote wawili mmeokoa muda.

Hadithi za upelelezi zinataka uangalifu zaidi. Usiseme hata "mwisho wake utakushangaza." Ukishasema hivyo, msomaji anaanza kumshuku kila anayeingia mlangoni na hasomi tena, anapiga ramli. Kwa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, kwa mfano, mimi huzungumzia tabia ya Bwana Msa mwenyewe: mpelelezi asiye na haraka, mwenye kiko chake, anayetazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita. Mtu akipenda kukaa na mhusika wa namna hiyo, namwelekeza aanze na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960, kisha namwambia kwamba akimpenda Msa atamkuta tena katika *Kisima cha Giningi* na vingine vilivyofuata. Kumwambia mtu kwamba baada ya hiki kuna kingine ni sehemu ya pendekezo. Wasomaji wengi hukwama pale walipomaliza kitabu walichokipenda bila kujua waende wapi.

Ushairi haufuati kanuni hiyo. Diwani usiipendekeze nzima. Chagua shairi moja, taja ukurasa wake, mpe mtu asome hilo tu. Likimgusa, mengine atayatafuta mwenyewe.

Sema kitabu kinadai nini

Sifa hazimsaidii mtu kuamua. "Kizuri," "kitamu," "kina mafunzo" ni maneno yanayoenea kitabu chochote. Kinachomsaidia ni kujua kitabu kitamdai nini: muda kiasi gani, utulivu kiasi gani, lugha ngumu au nyepesi, wahusika wengi au wachache, mambo mazito au mepesi.

*Nagona* cha Euphrase Kezilahabi (1990) ni mfano ninaoutumia mara nyingi. Ni kitabu chembamba sana. Mtu akikiona anadhani atakimaliza kwa kikao kimoja, na kwa idadi ya kurasa kweli atakimaliza. Lakini hadithi yake hainyooki. Matukio yanakuja kama ndoto, na maswali ya falsafa yametanda kila mahali. Ukimpa mtu kitabu hiki kwa kumwambia "ni kifupi, kitakufaa safarini," umemtega. Mwambie: "Ni kifupi, lakini kisome polepole, na usijilazimishe kuelewa kila kitu mara ya kwanza." Ukimwambia hivyo, atakivumilia. Usipomwambia, atafikiri tatizo liko kwake, na pengine hatamgusa tena mwandishi huyo, ambaye ana riwaya nyingine zinazosomeka kwa wepesi zaidi.

Mwandishi huyohuyo aliandika *Rosa Mistika*, kilichotoka mwaka 1971 na ambacho kwa muda kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Wengi hukipendekeza kwa habari hiyo ya marufuku. Mimi naiona njia ya mkato. Kusema kitabu kilizuiwa hakumwambii mtu chochote kuhusu kukisoma kwenyewe. Anachohitaji kujua ni kwamba kinamfuata msichana aliyelelewa kwa ukali, kwamba mambo yanayompata ni mazito kweli, na kwamba mwandishi hayafichi. Kumtahadharisha mtu namna hii si kumpasulia siri. Kuna anayeomboleza, kuna aliyetoka kwenye ugonjwa, kuna aliyepitia jambo linalofanana. Mpe nafasi ya kuchagua wakati wake.

Sema pia kitabu hakimfai nani. Mimi huamini zaidi pendekezo lenye mipaka: "Kama hupendi maelezo marefu ya mazingira, hiki kiache." Anayesema kitabu kinamfaa kila mtu huwa hajamfikiria mtu yeyote.

Soma kwa sauti, kisha koma pabaya

Kama nimebaki na ushauri mmoja wa kutoa, ni huu. Fungua kitabu, soma nusu ukurasa kwa sauti, kifunge.

Nitaeleza jinsi dada mmoja kikundini alivyofanya na *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Alikuwa ameshaweka kipande cha karatasi mahali alipopachagua, kwa hiyo hakupoteza muda kupekua. Alikibana kitabu kwa kidole gumba kisijifunge, akatueleza kwa sentensi moja kwamba Yasmin ni msichana aliyeozwa mume wa rika la baba yake. Kisha akasoma ukurasa wa mwanzoni, kwa sauti yake ya kawaida, bila kuigiza. Alisoma taratibu kuliko tunavyozungumza. Katikati ya aya, pale ambapo kila mtu alikuwa anangoja sentensi inayofuata, akanyamaza na kukifunga.

Mzee mmoja akauliza: "Sasa huyo binti alikaa, au aliondoka?"

"Mzee wangu, ndicho ninachokisoma usiku," akajibu.

Dakika mbili, pengine tatu. Hakuna maelezo ambayo yangeweza kufanya kazi ile, kwa sababu tulimsikia mwandishi mwenyewe. Tulisikia Kiswahili chake, mwendo wa sentensi zake, jinsi anavyomtazama mtu. Baadaye kuna aliyesema amekwisha kuona filamu yake ya mwaka 2021, kitabu cha nini tena? Dada akamwambia ausikilize tena ule ukurasa, aone kama filamu inaweza kumpa sauti ile. Akamsomea upya, yeye peke yake, wengine wakiwa wanaaga.

Ukitaka kufanya hivi vizuri, chagua sehemu kabla hujafika. Si lazima iwe ukurasa wa kwanza, maana kurasa za kwanza mara nyingi zinapanga viti. Mazungumzo kati ya watu wawili husomeka vizuri kwa sauti, hasa wakiwa hawakubaliani. Epuka sehemu yenye majina mengi mapya. Isome mara moja peke yako kwanza, ujue ulimi utajikwaa wapi. Na uamue mapema utakomea wapi, kisha ukomee hapo hata wakikusihi uendelee.

Kama mko mbali, rekodi ujumbe wa sauti. Unafanya kazi ileile, mradi uwe mfupi. Tamthiliya nazo zinapendeza mkizisoma wawili, kila mmoja na mhusika wake.

Mjue unayempa

Pendekezo la kweli huwa la mtu mmoja. Kwa hiyo kabla hujataja kitabu, uliza. Swali la kawaida ni "unapenda vitabu vya aina gani?" na halina faida kubwa, kwa sababu watu hujibu wanavyotaka kuonekana. Mimi huuliza mawili: kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi, na cha mwisho ulichokiacha njiani ni kipi? Jibu la pili ndilo linalonisaidia.

Binamu yangu alinijia akitaka kitabu.

"Nipe chochote, nataka kurudi kusoma."

"Cha mwisho ulichokiacha kilikuwa kipi?"

"Kile cha ukoo mzima. Kila sura watu wapya. Nilikuwa narudi nyuma kila saa kuangalia nani ni mtoto wa nani."

"Na unasoma saa ngapi?"

"Kabla ya kulala. Kurasa tano, sita, nasinzia."

Hapo nilikuwa nimeshajua cha kumpa na cha kumnyima. Msomaji wa kurasa tano usiku hawezi kubeba riwaya ya vizazi vinne. Akirudi kesho amesahau nusu ya majina. Nilimpa *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert: mtu mmoja, uamuzi mmoja wa kuacha kazi mjini akaenda kulima, na hadithi inayomfuata yeye. Nilimwambia pia kwamba mwandishi anapenda kusimama na kutoa mawaidha, kwa hiyo asitarajie mbio. Mwingine mwenye muda kama huo huenda ningempa hadithi fupi, aweze kumaliza kitu kizima kabla ya kuzima taa. Kumaliza kunampa mtu nguvu ya kuendelea, hasa aliyekaa muda mrefu bila kusoma.

Mambo mengine ya kuuliza ni madogo lakini yana uzito. Macho yake yanamudu maandishi madogo? Kuna matoleo yenye herufi za kuumiza, na mtu wa makamo akishindwa na herufi atasema ameshindwa na kitabu. Ana muda wa kukaa, au mikono yake ina kazi siku nzima? Huyo kitabu cha kusikiliza kitamfaa zaidi, na kusikiliza ni kusoma kamili, sikubaliani na wanaokidharau.

Kisha mpe kimoja. Anayeombwa kitabu akatoa orodha ya vitabu kumi ni kama aliyeulizwa njia ya kwenda msikitini akatoa ramani ya nchi nzima. Orodha inampa mwombaji kazi ya kuchagua, kazi ambayo alikuletea wewe. Mpe kimoja, useme kwa nini hicho na kwa nini yeye. "Nilipofika pale anapogombana na kaka yake kuhusu shamba nilikukumbuka wewe" ni sababu inayotosha kabisa. Akimaliza, arudi kwa cha pili.

Mpe njia ya kukipata

Hapa mapendekezo mengi hufia. Mtu ameshawishika, lakini ana jina nusunusu alilolisikia kwenye kelele. Mwandikie jina kamili la kitabu na la mwandishi. Bora zaidi, piga picha ya jalada na ya ukurasa ule wa ndani wenye jina la mchapishaji na mwaka.

Nyuma ya jalada, karibu na mistari ya kusomwa na mashine, kuna namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu na toleo lake. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Vitabu vya kabla ya hapo vina tarakimu 10, na vya zamani zaidi havina kabisa. Mwenye duka au mkutubi akipewa namba hiyo hana nafasi ya kukosea toleo.

Toleo lina maana, hasa kwa vitabu vilivyofasiriwa. Tamthiliya ya Shakespeare aliyoifasiri Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Watu wawili wanaweza kudhani wanasoma maneno yaleyale kumbe sivyo. Na ukitaja tafsiri, mtaje mfasiri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, iliyotoka mwaka 2022, na aliyeifasiri ni Ida Hadjivayanis. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 na jina lake linajulikana. Lakini kila sentensi ya Kiswahili utakayoipenda mle ndani imepita mkononi mwa mfasiri. Ni haki yake kutajwa.

Nakala laini zinazosambazwa kiholela mimi sizitumi, na ninaomba nawe usizitume. Mwandishi na mchapishaji wanategemea nakala zinazonunuliwa, na waandishi wetu wanazihitaji zaidi. Asiye na uwezo wa kununua umwazime chako, au mwende pamoja maktaba. Kama maktaba haina kitabu, muulize mkutubi namna ya kukiombea. Maktaba nyingi zina utaratibu huo na wasomaji wengi hawajui.

Ukiazima, andika jina lako ndani, na umwambie mtu tangu mwanzo kama unakihitaji kirudi. Kile usichohitaji kirudi, mwambie ampe mwingine.

Mkikaa pamoja

Kwa wenye kikundi, hata cha watu wanne, duru ya "unasoma nini sasa" inahitaji mpangilio kidogo. Kila mtu dakika tatu. Anayependa kuzungumza atalalamika, anayeogopa kuzungumza atashukuru. Asiyesoma kitu kipindi hicho aseme hivyo na zamu ipite, bila mtu kumtania. Nalisisitiza hili kwa sababu mzaha mmoja tu unatosha kumfanya mtu asije tena.

Mratibu asiruhusu dharau ya aina za vitabu. Anayesoma hadithi za mapenzi, za watoto, za dini, za katuni, au kitabu cha ufugaji, amesoma. Wakati mwingine kitabu cha ufugaji ndicho kinachoamsha mazungumzo marefu kuliko riwaya, kwa kuwa aliyekisoma ana swali analotaka kujibiwa leo. Walio na watoto waseme wanawasomea nini. Vitabu vya watoto huzunguka kwa kasi ajabu vikishatajwa, kwa sababu kila mzazi anatafuta cha usiku huu.

Ruhusuni pia vitabu vilivyoachwa. "Nimekiacha ukurasa wa 90, mwandishi anarudia jambo lilelile" ni taarifa yenye thamani. Mara nyingi mtu mwingine husema: "Hebu nikione." Kilichomchosha mmoja kinaweza kuwa ndicho hasa anachokitafuta mwenzake.

Wekeni daftari. Letu lina safu nne: kitabu, aliyekitaja, aliyekichukua, na alipofika. Safu ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Ukiipitia unaona vitabu ambavyo watu tofauti wamekwama katika sura ileile, na unaweza kumwambia anayekianza leo: ukifika sura ya tano jikaze, wengi wameteleza hapo na waliovuka walifurahi.

Ukifuatilia, fuatilia vizuri

Umempa mtu kitabu, wiki zimepita. Usimuulize "umemaliza?" Swali hilo ni la mwenye deni. Uliza "umefika wapi?" Atakujibu kwa raha hata kama yuko ukurasa wa nane, na ukurasa huo wa nane mnaweza kuuzungumzia.

Akisema hakimpendezi, usikitetee kitabu. Muulize aliishia ukurasa wa ngapi na ni nini kilimchosha, kisha usikilize. Ukianza kumweleza kwamba hakuelewa, au kwamba angevumilia kidogo tu, hatakuambia ukweli tena, na pendekezo lako lijalo litakuwa la kubahatisha. Nina rafiki ambaye amevikataa vitabu vyangu vingi kuliko alivyovipokea. Kwa sababu ananieleza wazi kilichomkera, sasa najua kwamba havumilii wahusika wanaoelezewa sura na mavazi kabla hawajafanya lolote, na kwamba barua ndani ya riwaya humfurahisha sana. Vitabu viwili vya mwisho nilivyompa alivimaliza.

Na ukipewa wewe, fanya hivyohivyo. Mtafute aliyekupa, umtumie ujumbe ukiwa bado unasoma: niko ukurasa wa 63, sijui kama nimpende huyu mzee. Usingoje umalize.